Mbwa wangu dume anavaa kola ya pinki na hajalalamika

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua manake toka wiki iliyopita hili jambo limenikaa rohoni, nikisema niliache linarudi. Kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa akiwalalamikia watu wanaowanunulia mbwa na paka vikorombwezo vya pinki, sijui kola za pinki, visweta vya pinki, vibakuli, vigodoro, tepe za kichwani, akasema ni kukosa kazi ya kufanya, alafu akamalizia kwamba mbwa dume ukimvalisha pinki unamdhalilisha. Neno lenyewe ndo hilo, unamdhalilisha. Mi nilikuwa nasoma huku miguuni kwangu amelala dume la kilo 42, jeusi tii, linaitwa Chuma, na shingoni amevaa kola ya pinki. Tena sio pinki ya kuona haya, ni ile pinki inayopiga kelele. Nikamwangalia, akaniangalia, akapiga mwayo akarudi kulala.

Ngoja nieleze ilivyoanza, manake hata mimi sikuamka siku moja nikasema leo namtafutia Chuma pinki. Kola yake ya kwanza ilikuwa ya ngozi, nyeusi, ina vyuma vya kung'aa pembeni, yani kola ya mbwa wa kutisha kabisa. Siku hiyo tuko njiani ikachanika pale kwenye tundu la kishikizo nikabaki nimemkumbatia shingo kama mtu aliyebeba gunia. Rafiki yangu anakaa karibu na hapo, ana mbwa jike mkubwa, akanitolea kola ya ziada akasema jisitiri na hii mpaka upate yako. Ndo hiyo pinki. Nikamshukuru alafu nikarudi nyumbani kwa njia za nyuma ili nisikutane na watu. Nasema ukweli mhariri, aliyeona aibu ni mimi. Mbwa alikuwa ananusa ukuta.

Ilikuwa ya siku tatu, sasa ni mwaka wa pili.

Kilichotokea ni hivi. Zamani nikitoka na Chuma barabara ilikuwa inajigawa yenyewe. Watu wanahama upande, mwenye mtoto anambeba, mwenye simu anakata kwanza mazungumzo mpaka tupite. Na sio kwamba Chuma ana ubaya wowote, ni mbwa mmoja mpole hadi anaogopa mwavuli ukifunguliwa ghafla, lakini mweusi, mkubwa, na ile kola ya vyuma, nani atasimama kuuliza tabia? Kuna mama mmoja mtu mzima tulikuwa tunapishana naye karibu kila asubuhi, akituona tu kwa mbali anavuka. Siku kama ya nne ya kola ya pinki hakuvuka. Alisimama pale na mkoba wake kifuani akaangalia weee, akaniuliza, mwanangu, huyu ni yuleyule au umepata mwingine? Nikamwambia shikamoo mama, ni yuleyule. Na hii nayo? akaonyesha shingo kwa kidole. Nikamwambia ya kuazima hiyo. Akacheka akasema, imempendeza bwana, sasa anaonekana ana kwao.

Ana kwao. Mi nimelibeba hilo neno mpaka leo na naona ndo jibu lenyewe la ile barua. Yule mama hakusema Chuma amekuwa mlaini wala amekuwa jike. Alisema anaonekana kuna mtu alikaa akamfikiria. Manake mbwa unayetaka ang'ate watu huwezi kumtafutia pinki, utamtafutia minyororo na miba, kwahiyo mtu akiona pinki anajua moja kwa moja kwamba huyu nyumbani anasemeshwa, analala ndani, pengine ana jina la utani. Pinki shingoni mwa mnyama ni kauli, na inaambiwa binadamu wenzetu. Mbwa mwenyewe hayumo kwenye hayo mazungumzo.

Na hayumo kweli, sio mfano wa kusema tu. Macho ya binadamu yana aina tatu za seli za kuonea rangi, zinaitwa koni, mbwa anazo aina mbili. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walizipima kwa mbwa, wakakuta moja inashika zaidi mwanga wa nanomita (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) kama 429, upande wa bluu, na nyingine kama 555, upande wa kijani kuelekea njano. Kwahiyo dunia ya mbwa ni ya bluu na njano na kijivujivu katikati, nyekundu kwake inageuka kuwa kahawia ya kiza, anaona kama anavyoona mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani. Paka naye hana tofauti kubwa. Sasa pinki ni nini? Haimo hata kwenye upinde wa mvua, hakuna mwanga wa aina moja unaoitwa pinki, ni nyekundu iliyochanganyika na nyeupe au na bluu kidogo na ubongo wetu ndo unamalizia kazi. Ukishamnyang'anya mbwa ile nyekundu kinachobaki ni kijivu, au samawati iliyopauka kama pinki yenyewe ilikuwa na bluu nyingi. Yani hiki kitu tunachogombania magazetini Chuma anakiona kama tambara la jikoni.

Kwake yeye kola ni mlio. Inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango na ina kibati cha jina na pete mbili, nikiigusa tu, hata kama nilikuwa natafuta funguo, nasikia kucha zinakwaruza sakafu kutoka chumba cha mwisho na huyo anakuja na kichwa amekiinamisha tayari kuvishwa. Alafu ni harufu. Nikiitoa anainusa kama mtu anayesoma barua. Nilishawahi kuifua kwa sabuni yenye manukato makali akaigomea, akaikwepa siku nzima, hadi nikaisuuza mara tatu. Hapo ndo niliona mbwa aliyedhalilishwa, na kosa halikuwa la rangi.

Wenye mbwa wanaopenda kurusha mpira hili wanalijua hata kama hawajui habari za koni. Mpira mwekundu kwenye nyasi mbwa anautafuta kwa pua huku unagusa miguu yake, wa bluu anaufuata kwa macho. Kwahiyo mtu akinunua mdoli wa pinki ajue amejinunulia yeye, na sioni ubaya, sisi ndo tunaokaa tunaangalia hivyo vitu sebuleni, lakini kama unataka mnyama afaidi na macho yake chukua wa bluu au wa njano.

Sasa hili la dume na jike. Msomaji ameandika kama vile pinki ilishushwa toka mbinguni na maelekezo kwamba hii ni ya kike. Mwaka 1918 jarida moja la Marekani la biashara ya nguo za watoto, Earnshaw's, liliwaandikia wenye maduka kwamba kanuni iliyozoeleka ni pinki kwa wavulana na bluu kwa wasichana, na sababu walitoa, ati pinki ni rangi yenye nguvu na msimamo zaidi, bluu ni laini ndo inampendeza binti. Na mwaka 1927 jarida la Time likaorodhesha maduka makubwa ya miji mbalimbali ya Marekani yanasemaje, hayakukubaliana, mengine pinki ya wavulana mengine ya wasichana. Nyuma zaidi huko, karne ya 18, wanaume wa ikulu za Ulaya walivaa makoti ya hariri ya pinki yenye darizi na hakuna aliyewauliza, na kiwanda cha vyombo cha Sèvres kule Ufaransa kikatoa pinki yake maarufu karibu na mwaka 1757, ile inayohusishwa na jina la Madame de Pompadour, hawara wa mfalme Louis wa 15. Hii ya pinki ya wasichana ilikuja kukazwa vizuri baada ya vita ya pili ya dunia, watu wanapenda kumtaja Mamie Eisenhower na gauni lake la pinki siku mumewe alipoapishwa urais wa Marekani mwaka 1953, alafu biashara ya nguo na midoli ikashindilia. Sheria yenyewe ndo hiyo, haijatimiza hata miaka mia, na tunataka kumfunga nayo mbwa ambaye hana habari na gauni wala urais.

Tena kwa wanaozalisha mbwa rangi ina kazi nyingine kabisa. Jike akizaa watoto nane wote wamefanana kama punje, utamjuaje yule aliyenyonya na yule aliyesukumwa? Wanawafunga vikola vidogo vya rangi, huyu nyekundu, huyu kijani, huyu pinki, kila siku wanawapima uzito na kuandika. Wa pinki anaweza kuwa ndo dume kubwa kuliko wote. Pale pinki ni namba tu.

Lakini sitaki nijifanye pinki ni rangi kama rangi nyingine kwa sababu sio kweli, ina mvuto wake na mi mwenyewe nimeuona unafanya kazi. Nimejaribu kuwaza kwanini. Naona sababu moja ni kwamba mnyama mwenyewe tayari ana pinki sehemu zile zinazotulegeza. Ulimi. Tumbo la mtoto wa mbwa lisilo na manyoya. Ndani ya sikio la paka mweupe jua likipita kwa nyuma unaona hadi vimishipa. Na zile nyama za chini ya mguu wa paka, jamani, nani amewahi kuziona akabaki na hasira? Pinki ni rangi ya ngozi changa ambayo bado haijaota kitu, kwahiyo ukimwekea mnyama mzima kitambaa cha pinki ni kama unamkumbusha kila anayemwona kwamba huyu naye alikuwa mtoto. Sisi tunaita waridi, Wafaransa nao wanaita kwa jina la ua hilohilo, na hata hii pinki tuliyoichukua kwa Waingereza kwao ilikuwa jina la ua kwanza kabla haijawa rangi. Watu wa mbali mbali wameiangalia wakafikiria kitu laini kinachonukia.

Kuna waliolipeleka mbali zaidi. Mwaka 1979 huko Seattle, kwenye mahabusu ya jeshi la majini la Marekani, walipaka chumba pinki kwa ushauri wa mtafiti Alexander Schauss aliyeamini inashusha hasira za wafungwa, rangi ikaitwa Baker-Miller kwa majina ya wakuu wa pale, na magereza mengine yakaiga. Majaribio ya baadaye yaliyofanywa kwa umakini zaidi hayakuona huo utulivu. Naileta kwa sababu kuna watu wanauza vigodoro vya pinki vya mbwa wakisema vinatuliza mnyama mwenye wasiwasi. Kinachomtuliza ni kigodoro kuwa na kingo za kuegemea kichwa na kuwekwa sehemu isiyopitwa pitwa. Pinki haioni, tumeshasema.

Na huu mvuto una upande wa pili ambao yule msomaji angeuandika ningemuunga mkono mikono miwili. Toka Chuma avae pinki watoto wanamkimbilia. Wanakuja mbio na mikono mbele, mama zao wanacheka nyuma, kwasababu mbwa wa pinki si mbwa, ni mdoli. Chuma anavumilia lakini kuna siku mtoto alimrukia akiwa anakunywa maji na nikaona midomo imekaza na macho yamegeuka upande, ile nyeupe ya jicho ikaonekana. Hakufanya kitu. Nikamvuta, nikamwambia mtoto polepole mwanangu, ngoja akunuse kwanza mkono. Moyo ulinidunda hadi nyumbani. Kuna kampeni ya utepe wa njano kwenye kamba ya mbwa, imeenea nchi kadhaa toka 2012, maana yake mbwa huyu anahitaji nafasi msimsogelee. Kama mbwa wako ana wasiwasi na umependa pinki, mfungie na utepe wa njano, na bado usitegemee kila mtu anaijua maana yake, mdomo unao, sema.

Jambo lingine la kulalamikia ni ubora na hapa nitakaa kidogo. Vitu vingi vya pinki vya wanyama vimetengenezwa vibaya. Nasema nilichokiona kwa mikono yangu. Naona mtengenezaji akishaweka pinki na kamoyo ka plastiki anajua mnunuzi ameshapenda, hatavuta uzi wala kukagua kishikizo. Nina paka pia, anaitwa Shangazi, jike, mweupe, mwenye dharau zake. Nilimletea kola ya pinki ya kitambaa chenye kengele na kipepeo cha utepe, nzuri mno. Siku ya pili akanyeshewa kidogo. Asubuhi namkuta na duara la pinki shingoni, rangi imetoka kwenye kitambaa ikaingia kwenye manyoya, amekuwa kama amejeruhiwa, na kwa vile paka anajilamba muda wote ile rangi inakwenda wapi? Tumboni. Nikaichukua nikaitia kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, maji yakawa pinki kama nimetia dawa. Toka siku hiyo kitu chochote cha rangi kali kinaingia nyumbani kwangu nakiloweka kwanza usiku mzima kwenye maji, alafu nakisugulia kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha alama hakimgusi mnyama.

Kibaya zaidi kile kishikizo chake kilikuwa cha kung'ang'ania. Kola ya paka inatakiwa kishikizo kiachie chenyewe ikivutwa kwa nguvu, kwa sababu paka anapita kwenye matawi na uzio na madirisha, kola ikinasa na isiachie anajinyonga au anapitisha mguu mmoja wa mbele ndani ya kola inamkata kwapani. Niliivuta ile kwa mikono miwili mpaka uso ukaniiva, haikuachia. Kwa mbwa ni kinyume, kola inatakiwa ishike, lakini usikaze, vidole viwili vipite chini yake kwa raha. Na mtoto wa mbwa unampima kila wiki sababu shingo inakua huku huoni. Haya ndo maswali ya kuuliza mbele ya kola, pinki au isiyo pinki.

Habari ya bei nayo ipo. Mwaka 2015 idara ya jiji la New York inayolinda wanunuzi ililinganisha bidhaa karibu 800 za kike na za kiume zinazofanana, ikakuta za kike zimezidi bei kwa asilimia 7 kwa wastani, kulikuwa na skuta ya mtoto ya pinki imeuzwa karibu mara mbili ya nyekundu ileile. Utafiti ule haukugusa vitu vya mbwa. Lakini mi nikiwa nalinganisha sasahivi nafunika rangi kwa kiganja, naangalia upana wa mkanda, mshono, pete ya chuma imeungwa au imekunjwa tu, uzito wa kishikizo. Ukifunika rangi unashangaa ngapi zinabaki za kununua.

Alafu kuna mpaka ambao naona watu wanauvuka, kutoka kumvalisha mnyama pinki hadi kumpaka. Dawa za kupaka nywele za binadamu zina kemikali zinazounguza ngozi na mnyama atazilamba. Mwezi wa kwanza 2023 mwishoni, kwenye bustani ya Madison Square kule New York, alionekana njiwa pinki mwili mzima. Njiwa wa kufugwa mweupe, mtu kampaka rangi kamwachia. Wanaotibu ndege walimchukua, wakampa jina Flamingo, yani heroe, wakajaribu kumsafisha, akafa baada ya siku chache, wakasema inaelekea ni ile sumu ya rangi aliyoivuta. Flamingo mwenyewe wa kweli pinki yake inatoka kwenye chakula, anaijenga polepole unyoya kwa unyoya. Kola unaweza kuivua jioni. Hapo ndo tofauti ilipo na kwangu ni kubwa.

Wale wanaosema pinki haina kazi zaidi ya urembo niwape hii pia, mwaka 2016 jimbo la Wisconsin huko Marekani liliruhusu wawindaji kuvaa pinki ya kuwaka badala ya rangi ya chungwa tu, sababu porini hamna majani ya pinki, jicho la mtu linaikamata haraka. Chuma akiingia vichakani mi namfuata kwa shingo. Ile kola nyeusi ya ngozi ilikuwa inamezwa na yeye mwenyewe. Usiku lakini pinki haisaidii kitu, usiku unataka ukanda unaorudisha mwanga wa gari, kwahiyo nimemshonea kipande pembeni, kimekaa upande kidogo, sio fundi mimi.

Kuna pinki moja tu ambayo nimejifunza kuiangalia kwa macho ya kazi na hiyo haiuzwi. Daktari wa mifugo aliyemwona Shangazi alinionyesha. Unainua mdomo wa juu taratibu, unaangalia ufizi. Unatakiwa uwe pinki na unyevu. Unabonyeza kwa kidole panakuwa peupe, unaachia, pinki inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au ufizi ukiwa umepauka mweupe, au wa njano, au wa bluu, au umeiva mwekundu kama tofali, hapo hamna cha kusubiri asubuhi, unabeba mnyama unakwenda. Ilitokea jioni moja Shangazi amejikunyata chini ya kiti hataki kutoka, nikamwinua mdomo, ufizi mweupe kama karatasi. Nilifika kwa daktari na kandambili miguu tofauti. Alipona, alikuwa na upungufu mkubwa wa damu, viroboto. Chuma yeye ufizi wake una madoa meusi ya kuzaliwa kama wengi wa rangi yake, kwahiyo nimetafuta kipande kimoja kisicho na doa, juu ya jino la chonge upande wa kushoto, pale ndo naangalizia. Anakubali, ila lazima anilambe uso baadaye.

Na kama una paka mweupe mwenye pua ya pinki na masikio ya pinki kama Shangazi, usimwache juani mchana kutwa. Ngozi ile haina rangi ya kuikinga, inaungua, na baadaye inaweza kuota saratani, sana sana ncha za masikio na pua. Hii wengi hawajui, wanaona pua ya pinki wanasema kazuri, wanapita.

Kwahiyo ndugu yangu uliyeandika wiki iliyopita, sijakukasirikia. Nakuelewa hata, manake mi nilipita njia za nyuma. Ila ukitaka kumtetea dume siku nyingine uliza kamba yake ina urefu gani, anatoka nje mara ngapi kwa siku, maji yake yamebadilishwa lini. Pinki muachie mwenye macho ya kuiona.

Kola yenyewe sasahivi imechoka, jua limeila upande wa juu imebaki pinki ya kufifia kama barua ya zamani, ila ukiigeuza ndani, kule kunakolala kwenye manyoya, bado inapiga kelele vilevile kama siku ya kwanza. Yule mama wa asubuhi ameshaiona, juzi akaniambia mwanangu mbadilishie bwana, na akataja rangi. Mnaijua. Na rafiki yangu naye amekumbuka ghafla kwamba ile kola ilikuwa ya kuazima, ananidai. Nimemwambia aje aichukue mwenyewe shingoni kwa Chuma.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku,
Baba Chuma